Mkamwana Wangu Analia Tangu Ajifungue

Mwezi huu safu ya maswali ya wasomaji imetengwa kwa barua zinazohusu hali ya akili ya mzazi na ya watu wa nyumba yake, tangu ujauzito hadi mtoto anapotimiza mwaka. Mambo ambayo yangeweza kuwatambulisha waandishi yameondolewa, na barua ndefu zimefupishwa. Anayejibu ni mkunga aliyesomea pia unasihi.

SWALI: Mimi ni mama wa miaka sitini na mitatu. Mkamwana wangu amejifungua mtoto wa kiume na sasa ni wiki ya saba. Uzazi wake nimeulea kwa mikono yangu: nimemkanda, nimempikia supu ya kuku na uji wa pilipili manga, na nguo za mtoto nafua mimi. Hata hivyo anashinda amejifungia chumbani akilia, chakula anakigusagusa tu, na nikimpelekea mtoto anyonye humpokea kama aliyetwishwa mzigo wa mtu mwingine. Majirani wanasema ni uvivu wa mabinti wa siku hizi, na wengine wanasema aangaliwe, huenda ana jini. Sisi tulizaa saba, tulizaa wanane, na maradhi haya hatukuyajua. Je, nimwache, au niseme naye kwa ukali?
Mama mkwe, Tanga

JIBU: Shikamoo mama. Usiseme naye kwa ukali, wala usimwache. Nitakueleza kwa kirefu, kwa kuwa swali lako ndilo wanalojiuliza kimoyomoyo kina mama wengi wa rika lako.

Mzazi kulia katika siku za mwanzo ni jambo la kawaida. Kati ya siku ya tatu na ya tano, homoni za ujauzito zikiwa zimeshuka kwa kasi na maziwa yakiwa yanaanza kujaa, zaidi ya nusu ya wazazi hulia bila kujua wanalia nini, hukasirika upesi, kisha hucheka muda si mrefu baadaye. Hali hiyo huondoka yenyewe kabla ya wiki mbili kwisha, na haihitaji dawa bali usingizi na watu wapole. Mkamwana wako yumo katika wiki ya saba. Kujitenga, kukosa hamu ya chakula na kutofurahia mtoto, mambo hayo yakidumu zaidi ya wiki mbili mfululizo, humfanya mkunga afikirie sonona ya baada ya kujifungua, ambayo ni ugonjwa na ina tiba. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu asilimia 20 ya wanawake waliojifungua hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, na karibu asilimia 16 hulipata wakiwa bado wajawazito.

Kwamba ninyi hamkuyajua maradhi haya, naomba uniruhusu nitofautiane nawe kwa heshima. Bila shaka unamkumbuka angalau mmoja, mtaani kwenu au katika ukoo, ambaye mtoto wake alilelewa na bibi kwa sababu mama yake hakuwa sawa tangu uzazi ule, na mpaka leo hakuna aliyeeleza vizuri alikuwa na nini. Wagonjwa walikuwepo. Tofauti kubwa ni kwamba siku zile nyumba ilikuwa na wanawake watano au sita wa kumpokea mtoto, kwa hiyo aliyezidiwa aliweza kujificha nyuma ya mikono ya wenzake, na leo mzazi wa mjini aghalabu ana wewe peke yako.

Kuhusu uvivu, kuna jambo moja unaloweza kuliangalia mwenyewe usiku wa leo. Mtoto akishalala na wewe ukiwa umemchukua chumbani kwako, chungulia kama mama yake amelala. Mtu mvivu, au aliyechoka tu, atalala fofofo. Mwenye sonona mara nyingi utamkuta amekodoa macho gizani, akihesabu makosa ambayo hakuyafanya: kwamba maziwa yake hayatoshi, kwamba mtoto angepata mama bora zaidi, kwamba anakusumbua wewe. Wapo pia wanaolala kupita kiasi, kwa hiyo dalili hii peke yake isikupe uhakika, lakini ukimkuta macho usiku baada ya usiku, jambo hilo mwambie muuguzi.

Kisha muulize, mama. Siku arobaini zetu ni hazina na sitaki mtu aziache, lakini zimekuwa siku za kuutazama mwili: tumbo limerudi, damu imekoma, maziwa yametoka, mtoto ameongezeka uzito. Wageni wanaingia, wanamkagua mtoto amefanana na nani, wanakula na kuondoka, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza mzazi moyo wake ukoje. Wahudumu wa afya katika nchi nyingi hutumia dodoso la maswali kumi lililochapishwa Uingereza mwaka 1987 na linalojulikana kwa jina la Edinburgh. Mzazi huulizwa kuhusu siku saba zilizopita: kama bado anaweza kucheka, kama anajilaumu pasipo sababu, kama anashikwa na hofu, kama huzuni inamnyima usingizi, na mwishoni kama amewahi kufikiria kujidhuru. Wewe huna haja ya karatasi. Kaa naye akiwa ananyonyesha, mlango ukiwa umefungwa, umwambie, "Mwanangu, naona hauko sawa, na sikulaumu. Niambie siku zako zinakwendaje." Akianza kulia usimwambie anyamaze, na usimkumbushe wanaotafuta watoto hawawapati.

Huenda ukaona kwamba mazungumzo ni kitu kidogo mno mbele ya ugonjwa. Huko Pakistan, katika vijiji vya Rawalpindi, wahudumu wa afya wa vijijini ambao hawakuwa madaktari wala wanasaikolojia walifundishwa kuwatembelea wajawazito na wazazi wenye sonona, kuwasikiliza, kuwasaidia kuyapima upya mawazo yao ya kukata tamaa, na kuishirikisha familia nzima. Matokeo yalichapishwa mwaka 2008: mtoto alipofikisha miezi sita, asilimia 23 ya waliotembelewa kwa utaratibu huo ndio waliobaki na sonona, ilhali kwa wale waliotembelewa bila mafunzo hayo ilikuwa asilimia 53. Shirika la Afya Duniani baadaye liliutoa utaratibu huo kama mwongozo wa kutumiwa nchi nyingine.

Nyumbani kwenu anzeni na usiku. Mkamwana wako akamue maziwa katika kikombe safi chenye kifuniko, nawe umchukue mtoto kuanzia saa tatu hadi saa nane, umnyweshe kwa kikombe kidogo, kwa kuwa chupa ni vigumu kuisafisha. Katika joto la Tanga maziwa hayo yasikae nje ya jokofu zaidi ya saa tatu. Usingizi wa saa tano mfululizo, kwa mtu ambaye hajaupata tangu mtoto azaliwe, si jambo dogo. Wageni wapungue, na anayekuja aje na ndoo ya maji au afue.

Wiki hii hii mpelekeni kliniki ya mama na mtoto. Kila kituo kina muuguzi, na ngazi ya hospitali ya wilaya kuna wa kuendeleza matibabu. Ombeni apimwe pia wingi wa damu na, ikiwezekana, tezi ya shingo, kwa sababu upungufu wa damu na hitilafu ya tezi hiyo baada ya kujifungua huleta uchovu na huzuni inayofanana sana na sonona. Kuhusu jini sitabishana nawe. Dua ni yenu, lakini isiwe sababu ya kuahirisha kliniki.

Jambo la mwisho ni gumu kidogo kuliandika. Muulize mkamwana wako, akiwa peke yake, jinsi mwanao anavyomtendea. Matusi, kipigo, kunyimwa fedha za matumizi na mume asiyerudi nyumbani ni miongoni mwa mambo yanayosababisha sonona hii au kuifanya isipone, na mama mkwe ndiye mtu anayeweza kumkalisha mwanawe kitako kuliko mkunga yeyote.

SWALI: Nina mtoto wa miezi minne. Usiku mwingine huwaza kwamba watu wangu wangepata nafuu kama nisingekuwepo, na mara nyingine hunijia picha ya mtoto akiniponyoka ngazini, nikatetemeka mpaka nashindwa kushuka naye. Sijafanya lolote. Naogopa kumwambia nesi kwa sababu nimesikia kwamba mtu akijaribu kujiua anashtakiwa, na naogopa pia kuandikiwa dawa nikalazimika kumwachisha mtoto ziwa.
Mama wa kwanza, Mombasa

JIBU: Dada, mwambie nesi. Na kabla hujafika kwa nesi, leo hii mwambie mtu mmoja mzima mnayeishi naye, kwa maneno yale yale uliyotuandikia, ili usilale peke yako usiku huu na mtu huyo akusindikize kliniki asubuhi. Wazo hilo likikujia kwa nguvu kabla ya asubuhi, usingoje kliniki ifunguliwe. Nendeni chumba cha dharura cha hospitali iliyo karibu.

Sheria uliyoisikia ilikuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, na Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume na Katiba. Hata pale ambapo vifungu vya namna hiyo bado vimo vitabuni, vinazungumzia kujaribu, wala si kuwaza. Nesi akisikia maneno yako, kazi yake ni kukulinda na kukupeleka kwa anayeweza kukutibu. Maneno kama hayo husikika katika vyumba vya kliniki mara nyingi kuliko unavyodhani.

Ile picha ya ngazini ni jambo jingine. Wazazi wengi, hata wasio wagonjwa, hujiwa na picha za ghafla za mtoto akidhurika, na alama ya kwamba ni hofu tu ni hiyo hiyo uliyoieleza: inakutisha, unaichukia, na unajihadhari zaidi. Haina maana kwamba utamdhuru mtoto. Ikiwa inakuzuia kushuka ngazi, basi inastahili matibabu pamoja na hiyo huzuni, na iseme kwa uwazi.

Sasa dawa. Si kila mwenye sonona huandikiwa dawa. Ikiwa nyepesi, mazungumzo ya wiki kadhaa na mnasihi yanaweza kutosha, ingawa mawazo uliyoyataja yatamfanya daktari aichukulie yako kwa uzito zaidi. Akiamua kukupa dawa, mwambie kwanza kwamba unanyonyesha. Setralini, kwa mfano, huingia katika maziwa kwa kiasi kidogo sana, na mara nyingi ndiyo inayochaguliwa kwa mama anayenyonyesha, kwa hiyo huna haja ya kumwachisha mtoto. Dawa hizi huchukua wiki mbili hadi nne kabla ya kuonyesha nafuu, jambo ambalo wengi hawaambiwi, wakazitupa siku ya kumi wakidhani hazifai. Ukipata nafuu utaendelea kuzimeza kwa miezi kadhaa, na zitapunguzwa taratibu kwa ushauri wa daktari, usiziache ghafla. Dawa ya kuogopwa kwa mwanamke aliye katika umri wa kuzaa ni valproeti, ambayo hutumiwa kwa kifafa na baadhi ya maradhi ya akili, kwa kuwa humdhuru mtoto aliye tumboni. Ukipewa hiyo, uliza kama hakuna nyingine.

SWALI: Mke wangu ana siku sita tangu ajifungue. Kwa siku tatu hajalala kabisa na hasemi kwamba amechoka. Anazungumza haraka haraka, anasema mtoto amebadilishwa, na jana usiku alitaka kutoka naye nje akisema ameitwa. Wazee wanataka tumpeleke kwa mganga aliye kijiji cha pili. Nifanye nini?
Mume, Dodoma

JIBU: Barua hii hatukungoja toleo lichapwe, tulimpigia mwandishi siku ilipotufikia, na tunaichapisha kwa ruhusa yake ili wengine wajue.

Hii ni dharura, sawa na mzazi anayetoka damu nyingi. Maradhi haya, ambayo wengi huyaita kichaa cha uzazi, huwapata mama mmoja au wawili katika kila uzazi 1,000, kwa kawaida ndani ya wiki mbili za mwanzo, na hubadilika kwa saa: asubuhi mgonjwa anaweza kuzungumza vizuri hadi mkajilaumu kwa kumsingizia, na jioni hamjui mtu. Kwa sababu hiyo nafuu ya asubuhi isiwafanye mfungue mizigo. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo, pamoja na mtoto na mtu mwingine mzima wa kumbeba mtoto. Mama asibaki peke yake na mtoto hata kwa dakika chache, wala asifungwe kamba, asipigwe, na asibishiwe kuhusu anayoyaona. Mwambieni kwamba mko pamoja naye na kwamba mnakwenda kumtafutia usingizi.

Hospitalini sisitizeni apimwe malaria, homa, shinikizo la damu na maambukizi ya kizazi, kwa kuwa malaria kali, sumu ya maambukizi na kifafa cha mimba, ambacho kinaweza kutokea hata baada ya kujifungua, navyo huvuruga akili. Mwelezeni daktari iwapo yeye au ndugu yake wa damu amewahi kuugua akili, hasa ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia. Wengi sana wanaotibiwa mapema hupona na kurudi kulea watoto wao. Hata hivyo maradhi haya yana tabia ya kurudi katika uzazi unaofuata, kwa hiyo mimba nyingine ikija, kliniki ielezwe siku ya kwanza ya kuandikishwa na jambo hilo liandikwe kwenye kadi.

Kwa wazee nilitoa pendekezo moja, nao walilikubali: dua isomwe ndani ya gari.

SWALI: Mtoto wetu alizaliwa njiti, wiki ya 31, na mke wangu bado yuko naye wodini. Nikifika naambiwa nisimame dirishani. Silali, kazini nakosea hesabu, na nimeanza kunywa kila jioni. Je, mwanaume naye hupata sonona ya uzazi, au ni udhaifu wangu?
Baba njiti, Mwanza

JIBU: Hupata, ndugu yangu. Tafiti zilizokusanywa kutoka nchi mbalimbali na kuchapishwa mwaka 2010 zilionyesha kwamba karibu baba mmoja kati ya kumi huwa na dalili za sonona kabla au baada ya mtoto kuzaliwa, na zaidi pale mama naye anapoumwa. Kwa wanaume mara nyingi haionekani kwa machozi. Huonekana kwa hasira, kwa kukimbilia kazini na kwa hiyo pombe uliyoitaja, ambayo itakunyima hata ule usingizi kidogo ulio nao. Mweleze daktari wa zahanati unayotibiwa kama ungemweleza malaria.

Kuhusu dirisha, naomba usikubali haraka. Huduma ya kangaruu, yaani mtoto njiti kukaa kifua wazi kwa kifua wazi na mzazi, si ya mama peke yake. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, uliochapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba watoto wadogo walioanzishiwa huduma hiyo mara baada ya kuzaliwa walikufa kwa uchache wa takriban robo wakilinganishwa na walioanza baada ya hali zao kutulia. Muombe muuguzi mkuu wa wodi akupangie saa zako. Uje umeoga, hujavuta sigara wala kunywa, na shati la vifungo. Mke wako akipata saa mbili za kuoga na kulala huku mtoto akiwa kifuani kwako, mtakuwa mmetibiwa wawili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 iliweka angalau siku tatu za likizo yenye malipo kwa baba, nami sioni mtu anayeweza kulea njiti kwa siku tatu. Waulize waajiri wako kuhusu marekebisho ya karibuni yaliyowafikiria wazazi wa njiti.

SWALI: Mtoto wangu alizaliwa amekufa, mimba ikiwa ya miezi tisa. Siku ya nne maziwa yalitoka na hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba yatatoka. Nilipokwenda kuangaliwa wiki ya sita nilikalishwa kwenye benchi pamoja na wenye watoto, na muuguzi akaniuliza kwa sauti, "Mtoto yuko wapi?" Sijarudi tena. Ndugu wananiambia nisilie, nitapata mwingine.
Msomaji, Iringa

JIBU: Pole sana, dada. Pole kwa mtoto wako, na pole kwa lile swali la benchini, ambalo kadi yako ingemjibu muuguzi huyo kama angeifungua kabla ya kufungua kinywa.

Mwili haujui kwamba mtoto hayupo. Kondo likishatoka, maziwa huja. Kama bado yanakusumbua, vaa sidiria inayoshika vizuri pasipo kubana, weka kitambaa cha maji baridi, na ukamue kidogo tu cha kupunguza maumivu, kwa sababu ukiyakamua yote yataendelea kutengenezwa. Titi likiwa jekundu nawe ukapata homa, nenda ukatibiwe.

Wanaokuambia utapata mwingine wanakupenda, ila wamekosea. Huyu aliyekufa ana nafasi yake, na una haki ya kumpa jina, kumtaja na kumlilia kwa muda unaouhitaji. Huzuni ya msiba huja kwa mawimbi na kati yake mtu hupumua. Ikiwa wiki zinapita hupumui, huamki kitandani, unajilaumu kwa kifo chake au unatamani kumfuata, mwambie leo mtu wa karibu na utafute tiba bila kungoja, kwa kuwa sonona huwapata pia wazazi waliopoteza watoto. Mume wako naye amefiwa. Huenda anajikaza kwa ajili yako, kama wewe unavyojikaza kwa ajili yake.

Uchunguzi wa wiki ya sita bado unauhitaji, kwa ajili ya kizazi chako, shinikizo lako la damu, na ili uambiwe kilichosababisha kifo kama kinajulikana, jambo litakaloamua jinsi utakavyotunzwa mimba nyingine ikija. Mtume dada yako au shoga yako atangulie hapo kliniki siku moja kabla, aonane na muuguzi kiongozi, amweleze kilichotokea na kuomba upewe saa ya mchana, watoto wakishaondoka, na uingie moja kwa moja chumba cha daktari bila kupitia benchi.